Kuomba Tuta, Mtaa wa Moretlwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imeondoka na daraja. Si lote, ni upande mmoja tu, lakini gari haliwezi kupita hewani. Manispaa wameweka kibao pale njia panda: magari yote yapite Mtaa wa Moretlwa kwa wiki mbili. Moretlwa ndio sisi. Nyumba thelathini na nne, kumi na saba kila upande, na kipande cha lami ambacho mpaka juzi watoto walikuwa wanakichora chaki.

Cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo nayaona yote nitake nisitake. Leo asubuhi, kabla sijamaliza kushona sketi moja ya shule, nimehesabu teksi arobaini na moja zimejaza abiria, na malori sita ya mgodini. Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Sina pengine pa kupeleka hasira.

Mama alisimama getini dakika ishirini, mfuko wa magwinya, maandazi yetu, mkononi, kabla hajapata upenyo wa kuvuka kwenda kwa mama mdogo Sebueng. Nyumba ya mama mdogo inatazamana na yetu, geti kwa geti. Ndugu hawa wawili wamekunywa chai pamoja kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa, na baba alipokuwa hai alikuwa akilalamika kwamba ameoa mke wa mtu mwingine. Mama sasa ana miaka sabini na tisa, na sikio lake la kushoto halisikii chochote. Magari ya asubuhi yanatokea kushoto.

Jumatano, 30 Oktoba

Wiki mbili zimeisha. Kibao bado kipo.

Jumanne, 5 Novemba

Leo nusura. Mama alikuwa katikati ya barabara teksi nyeupe ilipokuja mbio. Aliruka nyuma, mfuko ukamponyoka, magwinya yakatawanyika na tairi zikayasaga. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Bibi, unatafuta jeneza? Sema nikupeleke, nina nafasi mbele!" Abiria wakacheka. Mama hakusikia, alidhani anaombwa radhi, akampungia mkono.

Mimi nilisikia. Nilitoka na mkasi wa kukatia vitambaa mkononi, na namshukuru Mungu teksi haikusimama. Niliijua. Ni mojawapo ya teksi nne za bwana jirani, Rra Mokgosi, anayekaa nyumba ya pembeni yenye geti la rangi ya dhahabu.

Jioni nilikwenda kwake. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya tumbo, kisha akasema, "Dereva nitamkanya. Lakini wewe Boitshepo, hapa zinapita teksi mia. Nikipunguza mwendo wa hizi zangu nne, zile tisini na sita zitaniandikia barua ya shukrani?"

Nimerudi nyumbani nikimchukia kwa moyo wote. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Kikao cha kamati. Tumekubaliana tuiombe manispaa tuta la kupunguza mwendo wa magari. Moja tu, katikati ya mtaa. Nimechaguliwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, yaani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua kutwa. Malori yanarusha matope hadi ukutani.

Jumamosi, 16 Novemba

Manispaa wamemtuma binti anayeitwa Refentse kuja "kushauriana na wakazi". Amekuja na kizibao cha rangi ya chungwa, ramani kubwa, na tabasamu ambalo lilinipa matumaini. Tulikaa gereji ya Rra Mokgosi. Walikuja watu zaidi ya arobaini, pamoja na wale wasiokuja hata kwenye ubatizo wa wajukuu wao.

Binti aliuliza nani anataka tuta. Mikono yote juu. Akashangilia maskini, akaandika. Kisha akauliza liwekwe wapi, na hapo ndipo alipotujua.

"Kwa Mma Phetlhu pale panafaa," alisema jirani yangu wa kulia.

"Kwangu kufanya nini?" Mma Phetlhu akaruka. "Malori yaje kubamiza mbele ya chumba changu cha kulala usiku kucha? Si uweke kwako, una usingizi mzito, mtaa mzima tunausikia."

"Mimi nina trela. Trela haipandi tuta."

"Trela haina hata tairi!"

Watu wakacheka. Rra Mokgosi akagonga meza. Ikawa hivyo saa nzima, tuta likitembezwa mtaani kama mtoto wa kambo, kila mtu anampenda lakini alale kwa jirani. Mwisho Mama aliinuka. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisema, "Liwekeni kwangu. Mimi upande mmoja sisikii, nitalalia sikio zuri."

Mama mdogo Sebueng akadakia kutoka nyuma, "Na upande wa pili ni kwangu. Andika, binti." Refentse akaweka alama nyekundu kwenye ramani, kati ya mageti mawili. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajizuia kwa kuwa ni katibu.

Kisha akatueleza utaratibu. Wenye nyumba waliosajiliwa wasaini, theluthi mbili yao. Kwa nyumba thelathini na nne ni saini ishirini na tatu. Fomu ina safu tatu: namba ya nyumba, jina la mwenye nyumba, saini. "Rahisi tu," alisema.

Jumanne, 19 Novemba

Si rahisi.

Mma Phetlhu kanipokea vizuri, kanipa kiti, kanipa chai, halafu alipoiona fomu akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Namba ya nyumba ya nini hapo?"

"Wajue ni nyumba ipi."

"Na saini ya nini?"

"Kwamba unakubali tuta."

"Boitshepo, mdogo wangu, hii ni nyumba ya familia. Ni ya baba. Tuko watoto saba. Nikisaini karatasi yenye namba ya nyumba, kaka yangu wa Klerksdorp atasema nimeiuza. Unakumbuka yaliyowapata wale wa Mtaa wa Mosu? Dada mmoja kasaini peke yake, Krismasi wenzake wamekuta watu wengine ndani wanachoma nyama."

Nilikumbuka. Sote tunakumbuka. Hapa nyumba si ya mtu mmoja. Ni ya marehemu aliyeijenga, na walio hai wanakaa kwa niaba yake. Nimepita milango tisa, nimepata saini mbili.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepata njia. Nikiwa nakata mikono ya mashati nimejiuliza, sisi tukienda ofisi yoyote tunasemaje? Tunatoa bili ya maji. Jina lililo kwenye bili ya maji ndilo jina la nyumba, na anayeileta anasaini. Imekuwa hivyo miaka yote, kwa maji, kwa umeme, kwa kaburi. Hakuna aliyewahi kuuza nyumba kwa kutumia jina la marehemu baba yake, kwa sababu marehemu haendi kwa wakili.

Nimemwendea Mma Phetlhu na hoja hiyo. Akafikiri, akaleta bili, akaandika jina la baba yake kwa herufi kubwa na kusaini chini kwa unyenyekevu kabisa. "Hapo hata kaka hana neno," alisema. "Baba mwenyewe angelitaka tuta."

Nyumba yetu nimeiandika kwa jina la baba. Sijawahi kuliandika jina lake tangu lile la kwenye jiwe la kaburi.

Alhamisi, 28 Novemba

Saini ishirini na tano! Rra Mokgosi mwenyewe ndiye aliyenikusanyia saba za mwisho, akizunguka kwenye mvua na mwavuli wa mkewe wenye maua. Sikutegemea. Nilimwuliza kwa nini anahangaika ilhali tuta litachelewesha teksi zake. Akasema, "Mama yangu aligongwa barabara ya Mafikeng nikiwa kidato cha pili. Wewe ulidhani mimi nimezaliwa na teksi?"

Jumanne, 3 Desemba

Nimepeleka fomu. Refentse ameipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu, 16 Desemba

Sikukuu. Ofisi imefungwa mpaka Januari. Magari hayajafungwa.

Wanaume wamechoka kungoja. Leo wamebeba vifusi vya ukuta uliobomolewa shuleni, wakachanganya na udongo mwekundu, wakashindilia kwa miguu na kwa nyimbo. Tuta limepatikana kabla ya chakula cha mchana, baya kama nini, limepinda katikati. Lori la kwanza lilipofika lilisimama, likapanda, likashuka kwa heshima zote. Tulipiga vigelegele.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku ya tatu ya raha. Mama anavuka peke yake. Nimemwona akisimama juu ya tuta, akiangalia kulia na kushoto kama mwenye shamba.

Ijumaa, 20 Desemba

Greda ya manispaa imekuja saa nne, ikalikwangua lote. Ofisi imefungwa, lakini greda ina likizo zake tofauti. Nilimwuliza dereva sababu. Akanionyesha karatasi: kizuizi kimewekwa bila wakazi kushauriwa. Nikamwambia wakazi ni sisi, tulishauriana wenyewe kwa wenyewe tukiwa tumeshika koleo. Akasema, "Dada, mimi naendesha greda tu." Alikuwa na uso wa mtu anayesema kweli, kwa hiyo hata kumtukana sikuweza.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Mama na mama mdogo wamekunywa chai pamoja, nikiwa nimesimama barabarani kuzuia magari kwa ufagio.

Jumatano, 15 Januari

Refentse amekuja mwenyewe, bila kizibao. Nilipoona amevaa nguo za kawaida nilijua.

Ofisi imelinganisha fomu yetu na daftari la vifo. Kati ya saini ishirini na tano, kumi na nne ni za watu waliokufa. Wawili kati yao walikufa kabla mtaa huu haujawekwa lami. Ombi limekataliwa lote, na mtaa ambao ombi lake limekataliwa haurudii mpaka upite mwaka.

"Mkuu wangu alitaka kuwaita polisi," alisema, sauti yake ndogo. "Nilimwambia hamkukusudia."

"Hatukukusudia nini? Kila anayeishi kwenye nyumba zile amekubali. Umewaona mwenyewe gerejini, mikono juu."

"Nawaelewa, Mma. Lakini sheria inataka mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko makaburini. Mumfuate huko na ramani."

Akaangalia chini. Alinieleza kwamba kila familia inaweza kwenda mahakamani, ikapata barua ya msimamizi wa mirathi, ikabadilisha hati, halafu msimamizi ndiye asaini. Familia kumi na nne, watoto saba saba, wengine Klerksdorp, wengine hawasemezani tangu mazishi. Nilimwuliza itachukua muda gani. Alisema ya kwao wenyewe, ya bibi yake, ina miaka kumi na moja.

Nilikuwa nimepanga kumfokea. Nikajikuta namkatia mkate. Tulikaa pale wawili, hakuna kati yetu mwenye la kufanya, tukiangalia malori.

Mtaani wananilaumu mimi. Mma Phetlhu kapita bila kunisalimu, kisha akarudi kusema, "Umemfanya baba yangu mwongo." Hakuna lililoniuma kama hilo. Wazo la bili lilikuwa langu. Saini kumi na moja za watu hai zimekufa pamoja na zile za marehemu kwa sababu yangu.

Jumatano, 22 Januari

Shule zimefunguliwa, sare za watu hazijaisha, nashona mpaka vidole vinawaka. Siwezi kutoka kila asubuhi na ufagio. Na jana lori limemkosa Mama kwa urefu wa kiganja. Niliiona sketi yake ikivutwa na upepo wa lori.

Nimemwekea mkono begani, nimemwambia usoni ili anisikie: "Mama, niapie. Huvuki bila mimi."

"Na Sebueng?"

"Nitakuvusha jioni, nikimaliza."

"Chai ni ya asubuhi, mwanangu."

"Niapie."

Aliniapia kwa jina la baba. Ana desturi ya kutimiza.

Jumatatu, 27 Januari

Jioni nilikuwa nimechoka. Nimemwambia kesho.

Jumatano, 29 Januari

Kesho tena. Wameweka viti vyao kwenye vibaraza, Mama upande huu, mama mdogo upande ule. Kila mmoja na chai yake. Mama mdogo anainua kikombe, Mama anainua chake. Lori likipita katikati wanangoja lipite, wanaendelea. Mama mdogo alipaza sauti akasema kitu, Mama akanigeukia: "Kasema nini?" Na mimi sikuwa nimesikia, kwa mngurumo.

Jumanne, 4 Februari

Nitaiandika yote, maana nisipoiandika leo nitaanza kuipunguza.

Nilitoka alfajiri kwenda mjini kununua zipu. Foleni dukani, mvua, nikarudi saa nne na nusu. Mama alikuwa amesimama getini. Ameloa mpaka shingoni, mkono mmoja kwenye komeo. Rra Mokgosi alikuwa amefika hapo dakika moja kabla yangu, na teksi yake ameiegesha ikiwa imekingama barabarani, mlango wazi, magari nyuma yake yanapiga honi mpaka mwisho wa mtaa.

"Mlango wa Sebueng haujafunguliwa," Mama alinambia. "Tangu saa moja. Pazia pia."

"Umesimama hapa tangu saa moja?"

"Niliwapungia watu kwenye magari. Wao wananipungia. Boitshepo, wewe ulisema nisivuke."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananipa ripoti, kama mtoto mtiifu.

Tulivuka watatu. Rra Mokgosi akausukuma mlango kwa bega. Mama mdogo alikuwa sakafuni jikoni, ubavuni, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Jiko la gesi lilikuwa likiwaka na birika limekauka mpaka limekuwa jeusi. Alikuwa hai. Alimwona Mama na mkono wake mmoja ukafunguka na kufumba.

Mama aliketi sakafuni na nguo zake zilizoloa, akakiweka kichwa cha mdogo wake mapajani. "Nilikuwa getini," alimwambia. "Nilikuwa getini tu hapo, Sebueng."

Rra Mokgosi alitupakia kwenye teksi. Zahanati waliuliza alianguka saa ngapi. Hakuna aliyejua. Muuguzi alisema kwa kiharusi hata saa moja tu ya kuchelewa ni kitu kikubwa, kisha akaona nyuso zetu na kugeukia karatasi zake. Mama mdogo Sebueng alifariki saa nane mchana.

Ni mimi. Wanaweza kusema daraja, wanaweza kusema manispaa, na mimi nitaitikia. Lakini aliyemwapisha Mama ni mimi, na aliyesema kesho mara mbili ni mimi.

Jumatano, 5 Februari

Modisa, mwana wa mama mdogo, amefika kutoka Rustenburg. Maombi jioni. Sijamwambia kuhusu kiapo. Mama naye hajamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Wamefunga turubai. Uwanja wa mama mdogo ni mdogo, kwa hiyo limefungwa pale panapofungwa maturubai yote ya misiba ya mtaa huu: barabarani, kutoka geti lake mpaka geti letu, kamba zimefungwa kwenye nguzo zetu.

Rra Mokgosi ameweka viti viwili vya plastiki kila mwisho wa mtaa, basi. Hakuna kibao, hakuna fomu. Lori la mgodini lilifika, dereva akaona turubai, akavua kofia, akarudi kinyumenyume mpaka njia panda, mvua ikinyesha. Teksi zilifuata, moja moja, redio zimezimwa. Nimewaona kwa macho yangu. Yule aliyemwuliza Mama kama anatafuta jeneza ni mmoja wao. Alishuka, akaja kumpa Mama mkono, akainama.

Refentse amekuja na kanga begani kama sisi wote. Alisimama kwenye lami tupu akatazama huku na huku. "Wanapita wapi sasa?" aliniuliza.

"Wanazunguka kwenye mashamba. Njia ya zamani."

"Kumbe wangeweza."

"Kumbe," nilisema. Akaficha uso kwenye kanga.

Jumamosi, 8 Februari

Tumemzika asubuhi na mapema. Tukarudi, tukanawa mikono getini, tukala nyama na mahindi ya kuchemsha na kabichi. Watoto walicheza barabarani mchana kutwa. Mma Phetlhu amenishika mkono akanikalisha karibu naye, kwa hiyo ameshanisamehe. Usiku nilimwambia Modisa kuhusu kiapo. Akasema, "Ungefanyaje, dada?" Nilitaka atafute jibu, anipe.

Jumatatu, 10 Februari

Wenye turubai wamekuja saa mbili. Rra Mokgosi aliwasihi waliache mpaka kesho, akasema atalipia. Kijana wao akasema haiwezekani, wana msiba Mtaa wa Mosu saa sita. Wakafungua kamba, wakakunja, wakapakia. Viti navyo, isipokuwa kimoja ambacho Mama alikuwa amekikalia, pale pale katikati ya barabara, ameelekea nyumba ya mdogo wake. Kijana alisimama kando, akiona haya kuomba.

Teksi ya kwanza ilikuwa imeshafika. Haikupiga honi. Nyuma yake ikaja ya pili, na lori. Nilikwenda nikamshika Mama mkono, nikamwinua, kijana akachukua kiti chake.

"Twende, Mama. Wanangoja."

Hakusogea. Nilidhani hakusikia, nikahamia upande wa sikio zuri. "Nikuvushe?" nilimwuliza. "Leo nina nafasi. Nikuvushe?"

"Univushe niende kwa nani?" Mama alisema.

Tukageuka, tukarudi nyumbani.